Je, Tutasema Uongo kwa Ajili ya Mungu? Bangi, Dawa na Dhamiri ya Mwamini

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 1:29, 2 Wafalme 4:38–41, 2 Wafalme 20:1–7, Ayubu 13:1–12, Mithali 31:4–7, Marko 15:23, 1 Wakorintho 6:12, 19, 20, Yakobo 2:14–17.

Pamba ikishauzwa, vijana wengi wa Mhunze na vijiji vya jirani hufunga mizigo yao. Wengine huishia karibu, Maganzo na Mwadui, kutafuta almasi. Wengine hufika Kakola, au Nyarugusu na machimbo mengine ya Geita. Wanaporudi kwa makambi au kwa mazishi huja na fedha kidogo, simu, na maswali. Swali mojawapo limeanza kusikika hata ndani ya madarasa yetu ya Shule ya Sabato: “Mwalimu, wanasayansi wamethibitisha kwamba bangi ni dawa. Mbona kanisa bado linatukataza?”

Kuna majibu mawili ya haraka. La kwanza husema, “Hayo ni ya shetani, tusonge mbele na somo.” La pili husema, “Mungu ndiye aliyeumba kila mche, kwa hiyo hakuna ubaya.” Majibu yote mawili yana kasoro ileile: hayataki kuchunguza. Na katika habari ya Ayubu tunaona kwamba Mungu hapendezwi na watetezi wa namna hiyo. Marafiki wa Ayubu walidhani wanamtetea Mungu, lakini Ayubu aliwauliza kama wanaweza kusema yasiyo haki kwa niaba yake (Ayubu 13:7). Mwisho wa kitabu, Mungu aliwakemea wao. Basi swali letu ni hili: mwamini afanye nini pale ukweli unapoonekana kumsaidia mtu aliye upande wa pili?

Mizani moja

Mkulima wa pamba anajua uchungu wa mizani iliyochezewa. Mithali 11:1 inatuambia kwamba Bwana anaichukia mizani ya hadaa, na hadaa hiyo haiishii sokoni. Tangu mwaka 1958 watafiti wa Loma Linda, California, wamekuwa wakifuatilia afya ya Waadventista. Matokeo yanapoonesha kwamba wasiovuta sigara huishi miaka mingi zaidi, tunayatangaza mimbarani kwa furaha. Hatuwezi kuusifu utafiti unapotuunga mkono, halafu tukaudharau unapotuletea jambo gumu. Tuutazame basi utafiti wa bangi kwa mizani ileile.

Neno lenyewe “bangi” lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, kutoka lugha za India, na mmea huo umetumika kama dawa na kama kilevi kwa karne nyingi. Mwaka 1964 wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, wakifanya kazi Israeli, walitenga kemikali inayolevya ndani ya bangi, ambayo kwa kifupi huitwa THC. Baadaye iligunduliwa kwamba ubongo wa mwanadamu una vipokezi ambavyo kemikali hiyo hujishikiza, na kwamba mwili wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanana nayo, kwa kiasi kidogo na kwa wakati wake, kusaidia kuratibu maumivu, hamu ya kula na kumbukumbu. Anayevuta bangi anaufurika mfumo huo ambao Muumba aliupimia kipimo chake.

Kemikali nyingine ya mmea huo ni CBD, ambayo hailevyi. Mwaka 2017 yalichapishwa majaribio yaliyohusisha watoto na vijana 120 wenye aina ngumu ya kifafa iitwayo Dravet. Waliopewa CBD iliyosafishwa, wakiendelea na dawa zao za kawaida, degedege lao lilipungua kutoka takriban mara 12 kwa mwezi hadi takriban mara 6. Waliopewa dawa isiyo na kitu walibaki karibu palepale. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1985, iliidhinisha vidonge vya THC iliyotengenezwa maabara kwa ajili ya kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaopata tiba ya kemikali. Na mwaka 2017 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani lilipitia tafiti nyingi na kukiri kwamba upo ushahidi wa kutosha wa nafuu kwa watu wazima wenye maumivu ya muda mrefu.

Hayo ni kweli, na Mkristo hapaswi kuyaonea haya.

Upande wa pili wa mizani

Jopo hilohilo liliandika pia kwamba bangi inahusiana na ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia, ajali za barabarani, kikohozi sugu kwa wavutaji wa muda mrefu, na watoto kuzaliwa na uzito mdogo pale mama anapovuta akiwa mjamzito.

Nchini Sweden, vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa wa skizofrenia kwa kiwango mara 6 ya wale ambao hawakuvuta kabisa. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika katika maeneo ya Ulaya na Brazili ulionesha kwamba wanaovuta kila siku wana uwezekano wa takriban mara 3 wa kupata ugonjwa wa akili wa aina hiyo, na wanaovuta kila siku bangi kali, takriban mara 5.

Hapa nako tuwe wakweli. Wengi wa wavutaji hawapati kichaa, na kijana anayeambiwa kwamba pafu moja litamtia wazimu, akaona rafiki yake amevuta na yuko salama, hatamwamini mzazi huyo tena hata anapomwonya juu ya dhambi nyingine. Tena baadhi ya wagonjwa huenda walikuwa na dalili za ugonjwa kabla ya kuvuta. Hata hivyo tafiti nyingi zinaelekea upande mmoja: hatari inaongezeka kadiri mtu anavyovuta zaidi, kadiri bangi inavyokuwa kali, na kadiri anavyoanza akiwa mdogo, kwa sababu ubongo wa kijana unaendelea kujengwa hadi baada ya miaka 20. Kusema hivyo kunatosha. Ukweli hauhitaji kutiwa chumvi.

Chungu cha Gilgali na mtini wa Hezekia

Vijana hupenda Mwanzo 1:29, ambapo Mungu anampa mwanadamu kila mche wenye mbegu. Lakini fungu hilo linazungumza juu ya chakula, nalo lilitolewa kabla dhambi haijaingia. Tumbaku ina mbegu. Nyonyo inayoota pembezoni mwa njia zetu ina mbegu pia, na mbegu zake chache zikitafunwa zaweza kumuua mtoto. Katika 2 Wafalme 4 mtu mmoja alikwenda shambani kwa nia njema kabisa, akachuma maboga-mwitu, akayakatakata ndani ya chungu bila kujua ni kitu gani. Walaji ndio waliotambua kwamba mauti imo chunguni. Nia njema ya mchumaji haikuiondoa sumu.

Lakini kitabu hichohicho, sura ya 20, kinatuonesha Hezekia akiwa mgonjwa karibu na kufa. Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kumponya, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Imani haikuikataa dawa ya mmea. Tofauti ya matukio hayo mawili inatufundisha kuuliza: je, kitu hiki kinajulikana? Nani amekipima? Kinatolewa kwa nani, kwa kipimo gani, na kwa ugonjwa upi?

Tukiuliza hivyo, fundo linaanza kulegea. Ile dawa ya kifafa ilisafishwa, ikapimwa kwa miligramu kulingana na uzito wa mtoto, na damu ikachunguzwa kwa sababu inaweza kuathiri ini. Msokoto unaouzwa gizani machimboni hauna kipimo, na kilichomo zaidi ni ile kemikali inayolevya. Anayesema “bangi imethibitishwa kuwa dawa” ili ahalalishe msokoto anafanana na mtu anayesema kwamba mofini hutolewa hospitalini, kwa hiyo heroini ni halali. Mofini hutoka katika mmea wa afyuni, na nchini Uganda, tangu miaka ya 1990, wagonjwa wengi mahututi wamepewa mofini ya kunywa wakafa bila kulia kwa maumivu. Hiyo ni rehema. Heroini nayo hutoka katika mmea uleule, nayo imewaharibu vijana wetu wa pwani.

Ndiyo maana Imani yetu ya Msingi ya 22 imepangwa kwa uangalifu. Pombe na tumbaku inazitaja waziwazi. Kuhusu dawa na vileo vya usingizi, inataja matumizi yasiyo ya uwajibikaji. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba mgonjwa akatae dawa ya maumivu.

Woga wa shimoni

Wachimbaji husema wanavuta ili kuondoa woga na kupata nguvu. Tusiwacheke. Kushuka kwa kamba mita nyingi ardhini, kwenye giza na joto, hewa ikiwa nzito, ni jambo la kuogofya. Lakini woga huo ni mlinzi. Ndio unaomfanya mtu asikie udongo unapoanza kumeguka na gogo la kuzuia ukuta linapolia. Anayeuzima woga huo haiondoi hatari. Anaacha tu kuisikia. Tena maisha ya aliye chini yako mikononi mwa aliyeshika kamba juu, naye akiwa amelewa, wawili wako hatarini. Paulo anaposema kwamba hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote (1 Wakorintho 6:12), anazungumza juu ya uhuru. Na Petro anapotuhimiza kuwa na kiasi na kukesha (1 Petro 5:8), mchimbaji anaweza kuelewa neno “kukesha” kuliko mchungaji.

Mgonjwa asiye na dawa

Bado liko swali zito kuliko yote. Kuna mama ambaye mwanawe huanguka kifafa mara kwa mara. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na maumivu yake yanaweza kumfanya mtoto alie usiku kucha. Jirani anamletea mama huyo majani na kumwambia yachemshe. Tumwambie nini?

Kwanza, tusimhukumu. Mithali 31 inamkataza mfalme kulewa, lakini inamkumbuka pia aliye karibu na kupotea. Yesu alikataa divai iliyotiwa manemane msalabani (Marko 15:23), kwa sababu alichagua kukinywea kikombe chetu akiwa na akili timamu. Hakutuagiza tuwanyime wagonjwa nafuu.

Pili, tumwambie ukweli. Majani hayo si ile dawa iliyopimwa. Kuhusu selimundu, jaribio dogo lililochapishwa Marekani mwaka 2020 halikuonesha kwamba mvuke wa bangi ulipunguza maumivu kwa kiwango cha kutegemewa. Na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaweza kumfikisha mama huyo mahabusu, huku mtoto akibaki peke yake. Tunakumbuka pia mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na baadhi yao wakaziacha dawa zao za hospitali. Wale watoto 120 hawakuacha dawa zao.

Tatu, na hapa ndipo dhamiri inapotubana: tusimpe maneno matupu. Yakobo anauliza inafaa nini kumwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa kitu. Dawa za kawaida za kifafa zipo na nyingine ni za bei ndogo, lakini nauli ya kwenda kliniki, na nyingine ya kwenda Bugando, ndiyo inayomshinda mama. Darasa linalojua kukemea majani lakini halijui kuchangia nauli limejifunza nusu ya somo.

Na ikiwa siku moja daktari ataandika dawa iliyotoka katika mmea huo, imepimwa na imeruhusiwa na sheria, mwamini aipokee bila aibu, kama Hezekia alivyoupokea mkate wa tini. Nchi zimeanza kusogea: Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi, kwa kura 27 dhidi ya 25, katika orodha ya dawa hatari kabisa zisizo na faida kubwa ya tiba, ingawa iliibakiza chini ya udhibiti mkali, na mwaka 2021 majirani zetu Rwanda walitoa kanuni za kuilima kwa ajili ya dawa za kuuza nje. Mabadiliko hayo hayatutikisi. Mwili utabaki kuwa hekalu, na hekalu linaweza kupokea dawa bila kugeuzwa kilabu.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, umewahi kusikia jambo jema likitetewa kwa maneno yasiyo ya kweli? Matokeo yalikuwa nini kwa waliosikia?

2. Kijana aliyerudi kutoka machimboni anakiri darasani kwamba anavuta. Neno la kwanza la darasa lenu liwe lipi, na msaada wa kwanza uwe upi?

3. Utatofautishaje kati ya kutafuta nafuu ya maumivu na kukimbia maisha? Je, mtu anaweza kujidanganya katika jambo hilo?

4. Ni nani katika kanisa lenu anayemuuguza mgonjwa wa kifafa, selimundu au saratani? Kabla ya Sabato ijayo, nani atamtembelea, na ataenda na nini mkononi?