Mtoto Huyu Si Laana

Somo: Yohana 9:1-7

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, hawakuuliza watamsaidiaje. Waliuliza nani alikosa, yeye au wazazi wake. Yesu akasema si yeye, si wazazi. Halafu akatema mate, akatengeneza tope, akampaka macho, akamtuma akanawe Siloamu.

Leo nina toba mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mtoto wake. Mikono imevimba, macho ni ya manjano, usiku kucha analia mifupa inamuuma. Nikamuuliza, "Mama, huko kwenu kuna nini?" Tukafunga siku tatu kuvunja laana ya ukoo. Alirudi nyumbani na mtoto yule yule mgonjwa, na juu yake mzigo niliomtwika mimi. Mumewe akamwambia, "Hata pasta amesema shida iko kwenu." Niliuliza swali ambalo Yesu alishalikataa.

Mtoto alikuwa na sikoseli, yaani selimundu. Sikilizeni vizuri. Ndani ya mwili Mungu ameweka maagizo yenye herufi karibu bilioni 3. Maagizo hayo yamepangwa katika jeni. Nimesema jeni, si jini! Katika ugonjwa huu, herufi moja tu imebadilika. Seli nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo, zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa. Ndiyo maana mtoto analia. Na ili augue sikoseli yenyewe, lazima apokee jeni hiyo kwa mama na kwa baba pia. Wazazi wote wawili wakiibeba moja moja, wao ni wazima, lakini kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Wababa, mnanisikia? Semeni amina hata kama ni ngumu!

Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949. Akaona jeni hii ni nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ni kidogo sana nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza sababu: anayeibeba moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kile tulichokiita laana ndicho kilichookoa wengi wa babu zetu!

Mwaka 2019, huko Marekani, mama anayeitwa Victoria Gray alitibiwa kwa njia mpya. Madaktari walitoa seli za uboho wake, wakarekebisha maagizo ndani yake, wakamrudishia. Yale maumivu makali yaliyokuwa yakimlaza hospitalini yakakoma. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, na Marekani Desemba.

Mwingine anauliza, "Pasta, huko si kuingilia kazi ya Mungu?" Mpaka upo. Mtu akitaka kuchagua watoto kama anavyochagua nguo sokoni, hapo amejifanya Mungu. Lakini kumwondolea mgonjwa maumivu? Yesu alitumia tope! Kinachonisumbua mimi ni bei: Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tuombe, na tuwaambie viongozi wetu, tiba ifike hata kwa mtoto wa Siaya.

Lakini tusikae tukingoja. Kipimo cha damu kipo. Dawa ya haidroksiyurea ipo, nayo hupunguza maumivu. Vijana mnaopanga harusi, mkapimwe mapema. Si kuvunja uchumba, ni ili muingie mkijua. Na mzazi, tukimwombea mtoto wako, usitupe dawa. Maombi na dawa hazigombani.

Yule mama nilimtafuta. Nikamwomba msamaha mbele ya mumewe, nikawaeleza haya niliyowaeleza leo. Mama alilia. Baba akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Pasta, hata mimi nipelekwe nikapimwe." Siku hiyo nyumba ile ilianza kupona.

Mpendwa, kama nawe umewahi kumnyooshea mama kidole kwa sababu ya mtoto mgonjwa, usingoje Jumapili ijayo. Mwendee wiki hii. Mbebe huyo mtoto, umbariki kwa jina lake.

Amina.