Kuonja Kisichokuwemo

Bia isiyo na gluteni ina ajabu yake: lile jambo linalokufanya uinunue halionjeki. Uchungu utausikia, povu utaliona, ubaridi utakushika meno. Lakini ile protini ya ngano na shayiri, ambayo chupa inaapa haimo, ulimi hauna habari nayo kabisa. Mwenye ugonjwa wa siliaki anaweza kunywa bia ya shayiri akaisifu mpaka tone la mwisho. Utumbo ndio utakaotoa hukumu, tena baadaye, mwonjaji akiwa keshalala.

Mtoto wa mjomba wangu ana ugonjwa huo. Miaka mingi alitibiwa amiba, kisha taifodi, kisha amiba tena, hadi daktari mmoja alipofikiria kumuuliza kuhusu chapati. Alipokuja Garsen likizo alibeba chupa nne za bia ya mtama kutoka kiwanda kidogo cha ng'ambo. Tulizinywa uani, si barazani. Majirani zetu wengi ni Waislamu, Waorma na Wapokomo, na kuna mambo mtu hayafanyi mbele ya jirani hata kama hakatazwi. Ilikuwa bia nyepesi, yenye ukali wa uji uliolala. Kusema kweli mie sikuipenda sana. Yeye aliinywa polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Halafu akauliza: "Kaka, na mnazi je? Si nao hauna?"

Ukifuata mimea, jibu ni rahisi. Gluteni imo kwenye ngano, shayiri na rai. Haimo kwenye mtama, wimbi, mahindi, mpunga wala muhogo, na utomvu wa mnazi si nafaka hata kidogo. Mgema hukata ncha ya karara, utomvu ukadondoka ndani ya chombo, na hamira ya hewani ikaanza kazi bila kualikwa. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, ukiuacha siku nyingi ni siki. Minazi ya Kipini, hata mikoma ya huku kwetu bara, imekuwa ikitoa kinywaji kisicho na gluteni kabla mtu yeyote hajalijua neno lenyewe.

Ila "haina" ni neno lenye tabaka. Ziko bia zisizowahi kugusana na shayiri, na ziko zilizopikwa kwa shayiri kisha zikatiwa kimeng'enya cha kuivunjavunja gluteni. Huko Ulaya zote mbili zaweza kuitwa hazina, mradi kipimo kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Marekani walikataa: kanuni yao ya 2020 inasema kitu kikishachachuka hakuna kipimo cha kutegemewa, kwa hiyo mtengenezaji athibitishe kwamba haikuwemo tangu mwanzo.

Hapo nilimkumbuka Aristotle, aliyemtofautisha mtu mwenye kiasi, asiyetamani ubaya, na mtu anayetamani lakini akajishinda. Yeye alimweka juu yule wa kwanza. Sisi kwenye mahubiri yetu tunampenda zaidi wa pili, mlevi aliyeacha, kwa sababu ametoka mbali. Kwa binadamu nakubaliana na mahubiri. Kwa bia, la. Mgonjwa haitunzi chupa kwa juhudi zake. Anataka kujua tu kama itamdhuru.

Sasa mnazi hauna lebo. Una mgema. Na mgema tumekwisha mtungia methali ya kwamba akisifiwa hulitia tembo maji. Maji, lakini, si shida ya binamu yangu. Shida yake ni mahamri. Pwani yote tangu zamani tembo limetumika kuumua unga, na mama anayeuza mnazi kwa vikombe anaweza kuwa ndiye huyo anayekanda alfajiri. Kata ileile inachota tembo la kutia kwenye unga wa ngano, kisha inarudi mtungini. Hakuna aliyedanganya hapo. Ukimuuliza mama kama mnazi wake ni safi atakuapia, na kiapo chake ni cha kweli. Neno lake tu ndilo halifiki mahali ugonjwa ulipo.

Je, mgeni ana haki ya kuuliza? Kwetu kuuliza kilichomo kwenye chungu ni karibu sawa na kumtukana aliyepika. Kusema "nichotee kwa kikombe changu" ni mbaya zaidi, kana kwamba cha mwenyeji kina kinyaa. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa aina hii hula kimya wakaumia kimya. Nimesikia wakisifiwa kwa adabu yao. Sifa hiyo siielewi.

Maana mji huu unajua kuuliza. Familia ya Kikristo ikiwa na harusi, hutafutwa Mwislamu wa kuchinja, na mgeni wa Kiorma akiuliza nani kachinja, hakuna anayenuna. Uhalali wa nyama nao hauonjeki. Unategemea neno la mtu, na neno hilo huulizwa hadharani, hujibiwa, watu wakala. Tofauti ni kwamba halali kila mtu anaijua. Gluteni haina kabila wala msikiti wa kuisemea, kwa hiyo mzigo wa kueleza unambaki mgonjwa peke yake, kila nyumba, kila sahani. Nadhani mwenyeji ndiye anayepaswa kuubeba kwanza: aulize yeye kabla mgeni hajalazimika.

Nilikwenda kwa mgema mwenyewe, mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia, nikamweleza. Alisikiliza huku ananoa kotama.

"Unga? Unga utafuata nini huko juu?"

"Juu hakuna, Mzee. Ni huku chini."

Akafikiri. Akaniambia nilete chombo kipya, naye atakipandisha mtini usiku ule, kisipite kwa mtu. Kisha akauliza kama huyo dada muhogo anakula. Nikamwambia anakula. Samaki je? Anakula, mradi asipakwe unga. Wali? Anakula. Akaendelea hivyo, chakula kimoja kimoja, mpaka akaridhika.