Dakika Thelathini na Tatu

Yadi moja ya malori mjini Busia, upande wa Kenya, ilitoza maegesho kwa tarehe: ukiingia leo ukatoka kesho, unalipia siku mbili. Mwenye yadi akamwajiri kijana amtengenezee programu. Mapato yakaanza kupungua, naye akafungua daftari la askari wa geti.

"Mwanangu, lori hili limeingia Jumanne saa 5:40 usiku. Mbona risiti inasema Jumatano?"

"Labda saa ya askari iko nyuma, Mama."

Haikuwa nyuma. Kila lori lilicheleweshwa dakika 33, si zaidi wala pungufu. Hilo lilipaswa kumshtua kijana mapema. Seva inayohesabu kwa UTC ingekosea kwa saa tatu kamili. Dakika 33 zinatoka wapi?

Hifadhidata ilihifadhi 23:40 tupu, bila kusema ni ya wapi. Kijana alitumia pytz, maktaba ya Python, akaibandika Africa/Nairobi moja kwa moja kwenye tzinfo. Sasa, jina hilo si "jumlisha tatu" tu. Limebeba historia nzima ya saa za Nairobi, na ukilibandika hivyo pytz hukupa ukurasa wa kwanza: saa za jua, za kabla ya serikali ya kikoloni kuweka saa rasmi. Nairobi iko karibu digrii 36.8 mashariki ya Greenwich, kila digrii ni dakika 4. Hiyo ni saa 2 na dakika 27. Programu ilipoupeleka wakati huo UTC na kuurudisha kwenye saa za leo, 23:40 ikawa 00:13, na siku ya kwanza ikayeyuka. (Africa/Kampala isingemwokoa, siku hizi ni lakabu ya Nairobi.) Kutoka nako kulisogezwa, ila malori huondoka asubuhi, ambapo dakika 33 hazivunji tarehe. Majaribio ya kijana pia yalifanyika mchana.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: localize, inayotazama tarehe kwanza ndipo ichague saa. Angeweza pia kuhamia zoneinfo, iliyoingia na Python 3.9 mwaka 2020.

Saa tupu za hifadhidata hazikuwa zimeguswa, kosa lilikuwa katika kuzisoma, kwa hiyo hesabu zilirekebishwa jioni ileile. Fedha ni jambo jingine. Malori yalikwisha kuvuka mpaka, na Mama hakuona sababu ya kumfuata dereva hadi Tororo kwa kosa la kijana wake.