Mlinzi wa Lango la Kambi

Katika lugha yetu neno askari limebeba watu wengi. Aliye jeshini twamwita askari, wa polisi kadhalika, na hata mzee akeshaye mlangoni pa duka na rungu lake twamwita askari. Lugha haikutaka kuwatenga, na pengine iliona jambo. Maana liko swali ambalo vijana wa nchi zetu wamekutana nalo katika miaka hii, na wazazi wao pamoja nao: mtu akichukua bunduki kwa mshahara ili alinde kambi ya jeshi lisilo la nchi yake, je, huyo ni mlinzi tu, au ameingia vitani?

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 2003 Marekani na wenziwe waliingia Iraki kwa vita. Kambi zao zilikuwa nyingi, na kila kambi ina malango na minara inayotaka watu wa kukesha usiku na mchana. Kazi hiyo wakapewa makandarasi, nao makandarasi wakatafuta watu mahali ambapo mishahara ni midogo. Tangu mwaka 2005 Waganda walianza kwenda, wengi wao watu waliokwisha kutumika katika jeshi au polisi, hata wakawa maelfu. Walipekua magari, walikagua vyeti vya waingiao, walikaa minarani na bunduki mapajani. Mwanzo walipata kama dola 1,000 kwa mwezi. Kampuni ziliposhindana kupata kazi, mshahara ukashuka hata dola 600 na chini yake, hali mlinzi Mmarekani katika nchi ile ile alilipwa mara nyingi zaidi. Majeshi ya Marekani yalipoondoka Iraki mwezi wa Desemba 2011, namna hii ya kuajiri haikukoma. Wako waliokwenda kulinda kambi za Afghanistani.

Fedha hizo si za kudharauliwa. Nyumba zimeezekwa bati, watoto wamesoma. Mtu aliyeshiba asiwe mwepesi kumhukumu baba aliyekwenda mbali kutafuta ada ya shule, na sisi hatukuandika haya ili kumrushia mawe.

Kijana ukimwuliza atajibu: Mimi simshambulii mtu, nalinda tu. Na mkataba wake wasema hivyo hivyo, kwamba atumie silaha kujilinda mwenyewe na wale aliowekwa juu yao, asiende kupigana. Jibu hili lina kweli ndani yake. Kulinda watu waliolala ni kazi njema. Ndani ya ua wa kambi wamo wapishi na wafua nguo waliotoka nchi maskini kama yeye, ambao hawakumkosea mtu ye yote wa Iraki.

Lakini tulifuate jibu hilo mpaka mwisho wake. Sheria za vita hutenga raia na wapiganaji, ili raia asipigwe. Mwaka 2009 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilieleza kwamba kulinda mali ya jeshi isishambuliwe na adui ni kushiriki vitani, bali kuilinda na mwizi si kushiriki. Tena ikakiri kwamba mpaka kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba. Sasa mfikirini mtu aliye mnarani saa nane usiku. Gari laja mbio, taa zimezimwa. Ni mwizi wa mafuta? Ni adui aliyebeba baruti? Au ni mume ampelekaye mkewe kujifungua, naye amepotea njia? Hana nafasi ya kwenda kuuliza. Karatasi imemwita raia, na kidole chake kiko penye kifyatulio.

Wala hatusemi mambo ya kubuni. Tarehe 16 Septemba 2007, katika uwanja wa Nisour mjini Baghdad, walinzi wa kampuni ya Blackwater, ambao kazi yao ilikuwa kuwalinda maofisa wa ubalozi wa Marekani, walifyatua risasi penye magari mengi. Walisema walidhani gari moja lina bomu. Ndani yake alikuwamo mama na mwanawe. Serikali ya Iraki ilihesabu watu 17 waliokufa siku ile. Mwaka 2014 walinzi wanne walitiwa hatiani huko Marekani, na Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe. Hao walikuwa Wamarekani, na mtu wa kuwasemea hakukosekana. Je, mlinzi wa kutoka Gulu au Mbale akikosea namna ile, nani angemsemea?

Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1526 Luther aliandika kitabu kidogo juu ya swali kama hili, kwa sababu askari mmoja alisumbuliwa na dhamiri. Hakumkataza askari kupokea mshahara. Walakini alisema mtu akijua hakika kwamba bwana wake ana hatia katika vita ile, asimfuate. Neno hilo lataka kitu ambacho mkataba wa kazi hautaji kamwe, yaani uwezo wa kukataa. Mkono waweza kukodishwa kwa mwezi, na macho pia. Bali ile hukumu ya nukta moja, nipige au nisipige, haikodishwi, hubaki kwa mwenyewe hata akirudi nyumbani na kuzeeka.

Na hapa ndipo twaona ubaya ulipo, kupita hata ule wa vita. Kijana amekopa fedha ili amlipe wakala. Akifika, hati yake ya kusafiria yafungiwa sandukuni mwa bwana wake. Mtu asiyeweza kuondoka hawezi kukataa, na asiyeweza kukataa asikabidhiwe bunduki. Maana huyo ni mtumwa mwenye silaha, tena silaha imeelekezwa kwa watu asiowajua. Jambo hili si dogo, hata Septemba 2012 Rais Obama alitoa amri ya kuwakataza makandarasi wa serikali yake kuwatoza watu ada za kuajiriwa na kuwanyang'anya hati zao.

Basi kijana akija kuaga, wazee wasiishie kumwombea safari njema. Waulize: kambi hiyo ni ya nani, na wanaotoka humo huenda kufanya nini? Deni la wakala ni kiasi gani? Hati itakaa kwa nani? Waulize pia habari za kuumia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1941 humpa haki ya fidia hata mgeni aliyeajiriwa na makandarasi katika kambi zao za nje, na mjane wake akifa; mkataba usiotaja bima hiyo urudishwe kwa wakala kabla haujatiwa sahihi.