Sauti Bora Imo Wapi?
Fuzz Face, pedali ya gitaa iliyoanza kuuzwa London mwaka 1966, ina transista 2 tu. Za mwanzo zilikuwa za jemaniamu: huyumba kwa joto, na nguvu zake hazikulingana, hata pedali mbili za toleo moja huweza kutoa milio tofauti. Anayezijaribu moja baada ya nyingine hudhani uzuri umejificha ndani ya chuma. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, angekataa. Kwake kitu chenyewe kina sifa kama umbo na mwendo tu, na uwezo wa kuamsha sauti katika akili ya msikiaji. Hoja nzito, ila haimalizi mjadala. Tofauti ya milio hupimika kwa mitambo. Kisichopimika ni ubora, ambao hutegemea pia vidole, amplifaya na, pengine, bei iliyolipwa.