Jina Bila Sura: Sarafu za Kale, Mkusanyaji na Swali la Wakati Ukambani

Ukusanyaji, yaani mazoea ya mtu kutafuta, kupanga, kutunza na kubadilishana vitu ambavyo havimlishi wala havimvishi, unazua swali ambalo wachumi hulipita haraka na wahubiri hulitaja kwa kukemea tu: kitu ambacho kazi yake imekwisha kinathaminiwa kwa sababu gani, na anayekithamini ana uhusiano gani na wakati? Huko Marekani mfano mashuhuri ni kadi za besiboli, picha ndogo za wachezaji ambazo hapo awali zilitiwa ndani ya pakiti za sigara, baadaye zikauzwa pamoja na chingamu, na ambazo siku hizi hununuliwa kwa bei za kustaajabisha. Kadi moja ya Mickey Mantle, iliyochapishwa mwaka 1952, iliuzwa mwezi Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Kitui na Makueni, huko Ukambani nchini Kenya, si nchi ya besiboli, na kitu kinachokaribia zaidi kadi hizo, kwa udogo wake, kwa wingi wake wa zamani na kwa jinsi kinavyoamsha hamu ya wenye kukijua, ni sarafu ya kikoloni yenye tundu katikati.

Sarafu hizo zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoundwa London mwishoni mwa mwaka 1919 ili kusimamia fedha za makoloni ya Uingereza katika eneo hili, na ambacho mwaka 1921 kiliachana na mfumo wa rupia na florini na kuleta shilingi yenye senti mia. Shilingi ilikuwa na kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili, lakini senti moja, senti tano ambayo Wakenya waliiita ndururu, na senti kumi zilitobolewa katikati, hata mtu akaweza kuzitunga kwenye uzi na kuzifunga kiunoni, na kwa sababu hiyo hazikuwa na nafasi ya uso wa mtu yeyote. Upande mmoja una taji na jina la mfalme kwa Kilatini. Upande mwingine una pembe za ndovu zilizolikumbatia tundu. Mkusanyaji makini hatosheki kutazama mwaka tu, bali hutafuta pia herufi ndogo inayoonyesha kiwanda ilikofuliwa sarafu hiyo, kwani H ni alama ya kiwanda cha Birmingham kilichoanzishwa na ukoo wa Heaton, KN ni King's Norton, na sarafu isiyo na herufi kwa kawaida ilitoka katika kiwanda cha serikali jijini London. Asiyejua huona vipande vitatu vilivyo sawa, ilhali anayejua huona vitu vitatu tofauti.

Miongoni mwa sarafu hizo kuna moja inayostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, nayo ni ile ya senti tano au kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alirithi kiti tarehe 20 Januari mwaka huo, akakiacha mwezi Desemba kabla ya kutawazwa, kwa kuwa alitaka kumwoa mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa ametalikiwa, jambo ambalo serikali yake na kanisa lake havikulikubali. Nchini Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yenye sura yake iliyowahi kuingia madukani, maana maandalizi ya sura yalikuwa hayajakamilika alipoondoka. Lakini sarafu yenye tundu haikuhitaji sura, ilihitaji kubadilishwa jina tu, na kwa hiyo ndururu ya Afrika Mashariki ikawa miongoni mwa sarafu chache duniani zilizotumika sokoni kwa jina la mfalme ambaye karibu hakutawala. Sarafu hii si adimu, maana zilifuliwa kwa mamilioni, na uvumi unaodai kwamba anayeimiliki ametajirika ni wa kupuuzwa. Thamani yake kwa mkusanyaji iko kwingine.

Ili kuona iko wapi, inafaa kukumbuka jinsi fedha ya chuma ilivyoingia Ukambani. Iliingia kwa kodi ya kibanda na kwa mshahara wa mashamba ya wazungu, yakiwemo mashamba ya katani ya Kibwezi, na haikupokewa mara moja kama kipimo cha mali, kwa kuwa kipimo cha mali kilikuwa ng'ombe na mbuzi. Mwaka 1938, wakati ndururu za Edward zilipokuwa bado mpya, serikali ya kikoloni iliamua kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, ikidai kwamba wanamaliza ardhi, na ng'ombe walionyang'anywa wakauzwa kwa bei duni kwa kiwanda cha nyama cha Liebig's kilichokuwa Athi River. Maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu walitembea kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mpango wa kuuza ng'ombe kwa nguvu ukaachwa, naye Muindi akahamishiwa Lamu. Hoja ya maofisa, ikivuliwa lugha ya kilimo, ilikuwa kwamba Mkamba ni mkusanyaji asiye na akili, anayelimbikiza wanyama wasio na faida sokoni badala ya kuwageuza fedha. Hawakuona kwamba kila ng'ombe alikuwa na historia, kwamba huyu alitoka katika mahari ya dada, yule alikuwa deni la mjomba, na kwamba kumbadilisha kwa sarafu kulikuwa kufuta kumbukumbu hiyo. Ni kejeli ya historia kwamba sarafu zile zile, zikiisha kupoteza nguvu ya kununua, zimekuja kutunzwa kwa sababu inayofanana na ile iliyofanya ng'ombe wakataliwe kuuzwa.

Mafundisho ya dini kuhusu fedha yanasaidia hapa, ingawa si kwa njia inayotarajiwa. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anapoulizwa kama ni halali kumlipa Kaisari kodi, anaomba aonyeshwe sarafu na kuuliza sura na maandishi yaliyo juu yake ni vya nani, kisha anaamuru cha Kaisari apewe Kaisari. Jibu hilo linachukulia kwamba sarafu ni ya yule ambaye sura yake iko juu yake. Ndururu ya mwaka 1936 inalitia swali hilo katika hali ya pekee, kwa kuwa ina maandishi bila sura, na aliyeandikwa ameacha kiti, na dola iliyoitoa imeondoka, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Benki Kuu ya Kenya kuanza kutoa fedha zake mwaka 1966, hakuna serikali inayoidai. Kaisari amekwisha kuondoa dai lake. Upande wa Uislamu, al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba dhahabu na fedha ziliumbwa ziwe hakimu kati ya bidhaa zisizolingana, na kwamba anayezifungia ni kama aliyemtia hakimu gerezani, kwa kuwa anawanyima watu hukumu wanayoihitaji. Kwa kipimo hicho mkusanyaji wa fedha inayotumika ana kosa, lakini anayetunza sarafu iliyofutwa hamfungi mtu, maana hakimu huyo amestaafu na hakuna kesi inayomngoja. Lawama ya ulimbikizaji, kwa hiyo, haimfikii mkusanyaji wa sarafu za kale kwa urahisi ambao wahubiri hudhani.

Swali linalobaki ni la wakati, na juu ya hilo Kitui ina sauti yake. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, akawa kasisi wa Kianglikana, akafundisha Makerere na kufariki nchini Uswisi mwaka 2019, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba wakati, katika fikra za jadi, hauendi mbele kama mstari usio na mwisho, bali una sehemu mbili, ambazo aliziita kwa maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani. Sasa ni kipindi ambacho watu wanakiishi, pamoja na yaliyopita karibuni na machache yaliyo karibu kutokea. Zamani ni bahari ambamo kila tukio hatimaye huzama. Mtu akifa haondoki katika Sasa mara moja, kwani maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, yeye ni miongoni mwa wale ambao Mbiti aliwaita wafu walio hai. Akifa wa mwisho aliyemjua kwa jina, anaingia Zamani na kuwa roho isiyo na jina. Wakati, kwa maelezo hayo, ni mfululizo wa matukio na si wa tarakimu, na ndiyo maana wazee wa Ukambani waliihesabu miaka kwa majina ya njaa, kama ile ya mwishoni mwa karne ya 19 iliyoitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali.

Kwa mwanga huo mkusanyaji anaonekana kuwa mtu anayekizuia kitu kisizame. Tarakimu 1936 peke yake haimwambii mtu lolote. Inayomwambia ni habari ya nani aliipokea sarafu hiyo, kwa kazi gani, na kwa nini haikutumika. Ndururu iliyokaa ndani ya kopo la nyanya huko Mbooni au Mwingi kwa sababu bibi alilipwa nayo siku ya kwanza alipouza samli ni kitu cha Sasa, kwa kuwa bado kuna mjukuu anayelijua jina la bibi huyo, na si ajabu akawa ameitwa jina hilo hilo. Mfalme Edward ni abiria tu katika kumbukumbu hiyo. Inafaa kuongeza kwamba Mbiti mwenyewe alikuwa mkusanyaji, maana alizunguka akiandika hadithi za Wakamba na kuzichapisha mwaka 1966, akijua kwamba wasimuliaji walikuwa wakiondoka.

Hata hivyo, nadharia ya Mbiti ilipingwa, na biashara ya vitu vya kale inatoa pingamizi ambalo lina uzito. Mbiti alisema kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo katika fikra za jadi, kwa kuwa yasiyotokea si matukio. Lakini anayenunua sarafu leo kwa kutumaini kwamba bei itapanda baada ya miaka 20 anaishi kabisa katika wakati ujao, na wafanyabiashara Wakamba wa karne ya 19, ambao Kivoi wa Kitui ndiye aliyejulikana zaidi kati yao, walipeleka pembe za ndovu hadi pwani katika safari zilizohitaji mikopo, ahadi na subira. Si sahihi basi kusema kwamba wakati ujao uliletwa na wageni. Lililo sahihi zaidi ni kwamba kitu kimoja mkononi mwa mtu mmoja kinaweza kutumikia nyakati mbili, na kwamba mtunzaji na mchuuzi, ambao mara nyingi ni mtu yule yule kwa saa tofauti, hukitazama kwa macho mawili: mtunzaji huuliza kilitoka kwa nani, mchuuzi huuliza kitakwenda kwa nani.

Kubadilishana kwenyewe si kosa, kwa kuwa sarafu ilifuliwa ili itoke mkono mmoja iende mwingine. Kosa huanza pale kitu kinapohamishwa na jina likaachwa nyuma, na mfano mbaya kuliko yote nchini Kenya hautoki Ukambani bali kwa majirani wa pwani, Wamijikenda, ambao husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya wazee fulani waliokufa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa na kuishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani, ambako viliitwa sanamu. Mwaka 2007 viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirejeshwa kwa ukoo wao, baada ya watafiti kuvitambua kutokana na picha ya zamani. Walionunua walikuwa wakusanyaji, baadhi yao wenye mapenzi ya kweli na uzuri wa mbao hizo. Walichokipata kilikuwa mbao tu, kwa sababu mfu aliyekuwa hai kwa jina lake mbele ya wajukuu alikuwa amegeuzwa kifaa kisicho na mwenyewe. Ndururu haina utakatifu huo, na kuzilinganisha moja kwa moja kungekuwa utani mbaya kwa Wamijikenda; lakini kanuni ni ile ile kwa kipimo kidogo.

Wakusanyaji wenyewe wanaijua kanuni hiyo kwa njia ya kiufundi, hata wasipoisema kwa lugha ya falsafa. Mgeni wa kazi hii akipata sarafu nyeusi hukimbilia kuisugua kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae, na akiipeleka kwa mjuzi huambiwa kwamba ameiharibu, maana ule weusi, ambao ni tabaka jembamba linalofunika shaba kwa miaka mingi ya hewa na jasho la mikono, ndio ushahidi kwamba sarafu ilipita mahali. Injili inaonya kwamba hazina za duniani huliwa na nondo na kutu, na onyo hilo ni la haki kwa anayetafuta usalama ndani ya mali. Ila kwa mkusanyaji wa shaba, kuchakaa ni sehemu ya kile anachokitafuta.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 231, inakataza fedha ya nchi kuwa na picha ya mtu yeyote, na sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu mahali palipokuwa na nyuso za marais. Wakati huu hata jina la mtawala halipo. Ikiwa Mbiti alikuwa sahihi kwamba kumbukumbu hushika majina, basi mkusanyaji wa Wote au Mutomo wa mwaka 2080 atakuwa na kazi ngumu kuliko ya leo, kwani twiga wa shilingi moja hana ukoo wa kumtaja, na habari yoyote itakayofungamana na sarafu hiyo itabidi itoke kwa aliyeitumia.