Ufagio wa Siku za Kwanza

Kila mwanzo wa Septemba, asubuhi, njia za Mikelenge hujaa watoto. Wale wa kalasi ya kwanza wanajulikana mara moja: shati jeupe lisilopata doa bado, kaptula ya buluu iliyo pana kidogo ili ifae na mwaka ujao, na mkono ulioshikwa sana na mama. Tangu mwaka 2019, serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo, watoto wameongezeka, na kalasi ya kwanza ndiyo iliyofurika.

Juma la kwanza halijaisha, jirani yangu, mama mmoja, alinijia kwa hasira. Binti yake wa miaka sita alirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amechelewa, basi akapewa ufagio afagie kalasi peke yake. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nimempeleka mtoto akajifunze kusoma. Kufagia, hata hapa nyumbani anajua."

Tusimcheke. Wakati wa Wabelgiji kazi ya shamba ilikuwa sehemu ya masomo, na wazazi wengine walinung'unika kwamba mtoto analijua jembe kuliko herufi. Tena sisi wenyewe tumeifanya kazi ya mikono kuwa adhabu. Aliyechelewa, afagie. Aliyepiga kelele, akate majani. Mtiifu hukaa kivulini na daftari lake. Je, mtoto wa miaka sita anajifunza nini hapo? Kuwahi, labda. Lakini zaidi anashika kwamba ufagio ni wa waliokosa. Naye akiisha kuwa mkubwa wa ofisi, hatainama kuokota karatasi mbele ya mlango wake.

Huko Japani mambo ni mengine. Masomo huanza mwezi wa Aprili, mtoto akiwa amefika miaka sita, na shule ya msingi ni miaka sita kama kwetu. Siku ya kuingia ni sikukuu: wazazi huvaa nguo nzuri, na mara nyingi wanafunzi wa mwaka wa sita huwashika wadogo mkono na kuwaingiza ndani. Mgongoni mtoto ana mkoba mgumu uitwao randoseru, ambao kwa kawaida ataubeba mpaka amalize. Kisha, katika shule nyingi, karibu kila siku kuna wakati wa usafi. Wote hufagia na kupangusa, kalasi na ukumbi, pengine hata vyoo. Wakubwa huwasaidia wadogo, na mwalimu yumo kati yao. Wala hakuna aliyekosa.

Sisemi Wajapani ni malaika. Kwao pia kuna watoto wanaoonewa na wenzao shuleni. Wala si kila kazi ni njema: kumtuma mtoto alime shamba la mwalimu ni kumwibia saa zake. Lakini kufagia mahali pako pamoja na wenzako, na kufagishwa peke yako mbele ya macho yao, ni mambo mawili, ijapokuwa ufagio ni uleule.

Nilimweleza jirani hayo yote. Alisikiliza, mikono kiunoni.

"Na mwalimu wa huko, naye anashika ufagio?"

"Ndiyo, mama, naye."

"Basi nenda umwambie wa kwetu aanze yeye. Siku hiyo mtoto wangu atakwenda na ufagio wake kutoka hapa nyumbani."